Kabla Nyundo Haijalia

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 pale Forodhani, Unguja, lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Ukarabati halikuustahimili. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki.

Enzi za makumbusho niliuona uani mwake mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Chombo kama hicho hakibebwi kama gunia la mkaa! Kabla nyundo haijalia, kila kitu kipewe namba, kipigwe picha kilipo, kihamishwe na wanaokijua. Bila orodha hiyo, siku ya kufungua tena nani atajua nini kilikaa wapi? Na nakala moja ihifadhiwe nje ya jumba lenyewe.