Kipindupindu cha Bengali na Tiba ya Maji ya Chumvi

Katika karne ya kumi na tisa kipindupindu kiliushukia mwambao wetu zaidi ya mara moja: kilikuja mwaka 1821, kikarudi 1836, kikarudi tena mwishoni mwa 1858 na kuendelea mwaka uliofuata, hata msafiri Richard Burton akakikuta Kilwa kikiwafyeka watu, na mwaka 1869 kikaingia Unguja kwa njia ambayo wengi hawakuidhania, kwani safari hiyo hakikuteremka chomboni kutoka kaskazini, bali kilishuka kutoka bara, kwa nchi ya Wamasai, hata Pangani, ndipo kikavuka bahari. Habari hizi tunazijua kwa sababu tabibu wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akiganga Unguja wakati huo, aliwahoji wenye misafara na wenye vyombo, akaziunganisha njia za maradhi kituo kwa kituo, akazitia katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876. Kitabu hicho ni hazina, na kila apendaye tarikhi ya pwani hana budi kukiheshimu. Lakini tabibu yule, aliyejua kipindupindu kilikotoka na kilikopita, hakuwa na dawa ya kutegemewa ya kumpa aliyekwisha kushikwa.

Na la kusikitisha ni kwamba dawa ilikwisha kuonekana miaka karibu arobaini kabla ya hapo. Kipindupindu kilipofika Uingereza mwaka 1831, kijana William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akaiona imepungukiwa maji na chumvi, na mwaka uliofuata Thomas Latta, tabibu wa Leith katika Uskoti, akathubutu kuwatia mahututi maji ya chumvi mishipani, na baadhi yao, waliokuwa wamekwisha kupoa viungo na kukatiwa tamaa, wakafumbua macho na kusema. Wengine walizinduka kwa muda, kisha wakafa, maana waliyotiwa hayakulingana na yaliyoendelea kuwatoka. Latta mwenyewe akafariki mwaka 1833, ugonjwa ukaondoka, na ilmu ile ikawekwa kando, ilhali matabibu wakiendelea kuwatoa damu watu waliokuwa wakifa kwa ukavu. Tabibu Leonard Rogers aliyarudisha maji ya chumvi Calcutta mwanzoni mwa karne ya ishirini, na vifo vikapungua. Ila tiba ya sindano na chupa yataka hospitali, nao waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa vijijini.

Mwaka 1960, nchi ya Bengali ya mashariki ikiwa bado sehemu ya Pakistani, ilianzishwa mjini Dhaka Maabara ya Utafiti wa Kipindupindu, kwa msaada wa Marekani na washirika wake wa mkataba wa kijeshi wa SEATO, na mwaka 1963 maabara hiyo ikafungua kituo Matlab, wilaya ya mito na nyanda za mafuriko ambako mgonjwa huletwa kwa mashua, na ambako tangu mwaka 1966 wanavijiji, ambao leo wamepita laki mbili, wamekuwa wakiandikwa daftarini, azaliwaye, afaye na ahamaye. Ni nadra duniani kupata daftari la namna hiyo, la watu mafukara walioandikwa kizazi baada ya kizazi, na mengi yajulikanayo juu ya uhai na mauti ya watoto wadogo yametoka humo. Wodini mgonjwa hulazwa juu ya kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na chini ya tundu huwekwa ndoo, ili mwuguzi apime kiasi kilichotoka na kujua kiasi kinachopasa kurudishwa. Kazi ya kuangalia ndoo haina fahari, lakini kwangu mimi ndiyo asili ya yote yaliyofuata, kwani upungufu wa zama za Latta ulikuwa huu huu wa kutopima.

Sambhu Nath De wa Calcutta alikuwa amekwisha kudhihirisha, mwaka 1959, kwamba kijidudu cha kipindupindu huua kwa sumu kiimwagayo utumboni, na wataalamu wengine wakabainisha kwamba chumvi huupenya ukuta wa utumbo ikiandamana na sukari, na maji huzifuata. Sumu ile huulazimisha utumbo kumwaga maji, ila haiuondolei uwezo huo wa kuyapokea. Basi mwaka 1968 vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi na maabara ya Dhaka, David Nalin na Richard Cash, walitangaza jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 29, ambamo waliokunywa maji ya sukari na chumvi kwa kadiri ya kile kilichowatoka walipunguziwa haja ya maji ya mshipani kwa 80 katika mia.

Matabibu wengi hawakusadiki, na ni vita vya Bengali ya mashariki kujitenga na Pakistani vilivyowasadikisha. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita hivyo karibu milioni 10 walipoingia India, kipindupindu kikazuka kambini Bangaon, karibu na mpaka, na tabibu Dilip Mahalanabis akawakuta wagonjwa wamelala sakafuni huku chupa za dripu zikimwishia. Akaagiza sukari ya glukosi gramu 22, chumvi ya jikoni gramu 3.5 na magadi ya kuokea gramu 2.5 kwa kila lita ya maji, akaujaza mchanganyiko katika mapipa yenye bomba, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia 30 katika mia, vikashuka hata chini ya 4. Naona hapo ndipo dawa ilipotoka mkononi mwa tabibu ikaingia mkononi mwa mama, dada na mume, na kutoka huko kukaizidishia nguvu.

Bengali ya mashariki ilipokwisha kuwa dola ya Bangladesh, shirika la BRAC la Fazle Hasan Abed lilijitwika kazi ambayo serikali nyingi zisingeithubutu, ya kumfundisha kila mama nyumbani kwake: chumvi ibanwayo kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji kadiri ya nusu lita. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wanawake walimu walibisha hodi katika nyumba zaidi ya milioni 12, na mshahara wa mwalimu ulifuata kile ambacho mama alikikumbuka alipoulizwa baadaye, si idadi ya nyumba alizopita. Hata hivyo ilidhihiri hapo mwanzo kwamba akina mama walijua kuichanganya dawa lakini wachache mno waliitumia. Na uchunguzi ulipofanywa, ikaonekana kwamba walimu wenyewe hawakuiamini, na kwamba wanaume, ambao hakuna aliyewaeleza neno, waliitilia shaka. Walimu wakafundishwa upya sababu za kila jambo, na wanaume wakafuatwa misikitini na sokoni. Ilmu iliyokwisha kuthibiti maabarani ilibidi ithibitishwe mara ya pili, kwa heshima na subira, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuuliza.

Maabara ya Dhaka iligeuzwa kuwa kituo cha kimataifa cha utafiti wa maradhi ya kuhara mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo imesogea kutoka kipindupindu hata kwenye swali gumu zaidi, la mtoto aliyekonda ambaye hulishwa na bado hanawiri. Tahmeed Ahmed wa kituo hicho, akishirikiana na Jeffrey Gordon wa Marekani, amebainisha kwamba vijidudu vyema vya utumbo wa mtoto kama huyo havijakomaa kulingana na umri wake, basi wakatafuta chakula cha kuvilea hivyo vijidudu pamoja na mtoto mwenyewe: dengu, karanga, ndizi na unga wa soya. Mwaka 2021 walitangaza matokeo ya watoto zaidi ya 100 wa mtaa wa Mirpur, Dhaka, ambao kwa miezi mitatu nusu yao walilishwa chakula hicho na nusu chakula cha msaada kilichozoeleka, chenye nguvu nyingi zaidi kwa kipimo. Na walioongezeka uzito kwa kasi kubwa zaidi ni wale waliolishwa dengu, karanga, ndizi na soya.