Mpaka wa Kalambo na Vitabu vya Pande Mbili

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mlungu wa upande wetu wa Tanzania. Kaka zake waliishi ng'ambo ya mto Kalambo, kwa chifu Tafuna. Akienda msibani huko hakusema anakwenda Zambia. Alisema anakwenda kwao, akafunga kibuyu chake cha unga, akaondoka.

Waliouweka mpaka kwenye mto huo hawakuwa na habari na Walungu wala majirani zao Wamambwe. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba mjini Berlin, ule ule ulioamua mambo ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na humo wakakubaliana mstari kutoka Ziwa Nyasa hadi Kalambo unapoingia Ziwa Tanganyika. Waingereza walichotaka ni barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili. Wapima ardhi walifika mwaka 1898. Wajerumani walikuwa na boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Waingereza walikuwa Abercorn, ndiyo Mbala ya leo.

Ufipa, nchi ya Wafipa, pamoja na falme zake za Nkansi na Lyangalile, uliangukia upande wa Wajerumani. Kwa hiyo hata wasomi walitugawana. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikuja Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya ufalme wetu. Namheshimu. Alikaa akasikiliza masimulizi ya Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itweelele, na jinsi wanawake watatu wageni walivyouchukua utawala mfalme wa hapo akiwa hayupo. Wengine wangeyaacha kama ngano ya jioni. Yeye aliona ndani yake hoja nzima juu ya nani anastahili kutawala.

Wamambwe waliandikwa na William Watson, kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, mwaka 1958. Kitabu chake kinahusu vijana waliokwenda kwenye migodi ya shaba na bado wakarudi kwenye ardhi yao na machifu wao.

Ukisoma kimoja tu utadhani Wafipa ni watu wa wafalme na masimulizi, Wamambwe ni watu wa mshahara. Si kweli hata kidogo! Vijana wa Ufipa nao waliondoka kwa makundi kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Na yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, yalijengwa huku na huko. Mhunzi hakuuliza jembe lake linalimia koloni la nani.

Tangu mwaka 2012 tuna Wilaya ya Kalambo, makao yake Matai. Mwalimu wa historia unayefundisha huko, tafadhali vitafute vitabu vyote viwili, kisha watume wanafunzi wako wakawaulize bibi zao kaka zao wako wapi.