Michembe, Dona na Mfuko wa Tumboni

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayepata mazungumzo haya gazetini, leo nitazungumzia choo. Aliye mezani sasa hivi na amalize kwanza, kisha arudi.

Wamo miongoni mwetu watu ambao haja kubwa haitoki tena mahali pake pa kawaida. Daktari amelazimika kuutoa utumbo nje kupitia tundu dogo tumboni, na choo kinaingia katika mfuko unaobandikwa hapo. Ukitolewa utumbo mpana huitwa kolostomia, ukitolewa utumbo mwembamba huitwa ileostomia. Wengine huishi hivyo maisha yao yote, wengine miezi michache tu, kisha utumbo ukarudishwa ndani. Vyovyote iwavyo, kila jua linapotua nyumba nzima huulizana: mgonjwa ale nini?

Swali hilo liliingia nyumbani kwetu kupitia mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akibeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Aliugua homa majuma mawili akimeza vidonge vya malaria, na tulipomfikisha hospitali kumbe ni homa ya matumbo, na utumbo ulikwisha toboka. Akapasuliwa usiku huohuo, akatoka na ileostomia. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi moja ya Kiingereza, nakala ya nakala, yenye orodha ya vyakula vya kuepuka. Mlikuwa na seleri, uyoga, bisi na nazi. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui lakini kulea wagonjwa anakujua, aliniuliza: "Baba, hapa wamekataza michembe?" Nikasoma toka juu hadi chini. Nikamjibu kwamba hawakukataza.

Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vibichi vikaanikwa juani mpaka vikakauka kama vibao. Vikichemshwa kabla ya kuanikwa huitwa matobolwa. Ndiyo akiba ya Msukuma ya kiangazi, na ukiitafuna mikavu meno hufanya kazi.

Siku ya kumi na mbili kijana aliitafuna, pamoja na karanga za kukaanga, alasiri moja akisubiri chakula cha jioni. Saa tatu usiku mfuko ulikuwa mkavu. Saa tano tumbo lilimsokota akaanza kutapika. Tulimrudisha hospitali, akawekewa dripu, na alfajiri utumbo ukafunguka wenyewe. Daktari wa zamu hakutugombeza. Alisema tu kwamba tungengoja kupambazuke, pengine kijana angerudi kwenye meza ya upasuaji. Mama hakunilaumu kwa maneno, lakini msomaji wa ile karatasi alikuwa mimi.

Ndipo nilipotaka kujua mawaidha ya namna ile yalitoka wapi. Nikajikuta narudi kwenye ziwa letu hilihili, ng'ambo ya Uganda.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mwenye jicho moja, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946, na miaka yake mingi aliitumia katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi alipoondoka mwaka 1966. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya mataya ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini yeye na mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, walikuwa wameona jambo jingine. Magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo na vifuko vinavyoota ukutani mwake, kwa wenyeji waliyaona kwa nadra sana. Trowell aliandika kitabu mwaka 1960 kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, na humo akayataja mengi ya aina hiyo.

Burkitt alikwenda mbali zaidi. Alipima choo. Kama hukusikia vizuri narudia: alipima choo, kwa mizani na kwa saa. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili, Walker na Painter, walichapisha matokeo katika jarida la Lancet la London. Wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao walitoa gramu 104 tu, tena kwa saa 83. Tofauti, akasema, ni nyuzinyuzi, au makapi mlo kama walimu wa lishe wanavyoziita: maganda ya nafaka, mizizi, maharage, ambavyo Mzungu alikuwa amevikoboa na kuvitupa. Hoja zake nyingine zimepingwa baadaye, hasa ile ya vifuko vya utumbo, lakini kwamba nyuzinyuzi hupunguza saratani ya utumbo mpana kumeungwa mkono na tafiti nyingi zilizofuata. Kwa hiyo Ulaya inapohimizana kula nafaka isiyokobolewa, kwa sehemu inafuata chungu cha mwanakijiji wa pande hizi. Nasi mjini tunakimbilia sembe nyeupe.

Sasa angalia kiini cha mambo. Huko Ulaya anayewekewa mfuko aghalabu ni mtu mzima mwenye saratani, au mwenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo. Ni mwaka 1952 ambapo mpasuaji Bryan Brooke wa Birmingham alieleza jinsi ya kuikunja ncha ya utumbo mwembamba, kama ukunjavyo pindo la mkono wa shati, ili maji makali ya utumbo yasichome ngozi. Mwaka 1956 wagonjwa wa huko walianzisha chama chao wenyewe cha kupeana maarifa. Maarifa ya chakula yakakusanywa hivyo, mtu kwa mtu, kutoka sahani zao: seleri yao, bisi zao.

Kwetu mgonjwa ni mwingine. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima hapa Mwanza tangu mwaka 1971, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo, wengi wao vijana kama mpwa wangu. Wapo pia ambao utumbo mpana umejisokota, ugonjwa ambao madaktari wengi wameuhusisha na mlo huohuo wa makapi mengi aliousifu Burkitt. Hawa wanatoka kwenye dona, mihogo na michembe, na huko ndiko watakakorudi. Ila hawawezi kurudi kwa siku moja.

Sababu ni nyepesi kuielewa. Baada ya upasuaji utumbo huvimba, na njia kwenye tundu huwa nyembamba kwa majuma sita hadi manane hivi. Makapi yasiyosagika huvimba kwa maji na kuziba hapo. Zaidi ya hayo, utumbo mpana ndio unaonyonya maji na chumvi, na mwenye ileostomia choo chake hakipiti tena huko. Akinywa maji matupu mengi kwa kiu, hupoteza chumvi zaidi. Anahitaji maji ya ORS, na paketi ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au figo amuulize daktari wake kwanza. Mwenye kolostomia ana nafuu, kwani sehemu ya utumbo mpana bado inafanya kazi, na mara nyingi hurudia mlo wake mapema.

Baada ya usiku ule Mama alinunua daftari la shule. Mimi nikaandika, yeye akaamua, na muuguzi mmoja mwema akatusahihisha. Tulianza na uji laini wa sembe, ambao Mama aliudharau akisema ni maji yaliyopakwa chokaa, wali uliopondwa, ndizi mbivu, viazi bila maganda, sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Kila chakula kipya kiliingia peke yake, kidogo, mchana na si usiku, kikatafunwa hadi kikawa uji mdomoni, tukangoja siku mbili au tatu kabla ya kuongeza kingine. Ndizi na wali viliufanya uchafu kuwa mzito, kama muuguzi alivyotabiri. Maharage yalijaza mfuko hewa, tukayarudisha nyuma wiki mbili, kisha yakakubali yakiwa yamechujwa maganda. Dona iliingia juma la nane. Mahindi ya kuchoma, miwa na karanga nzima havikuandikwa kabisa, na kijana alinung'unika sana kuhusu miwa.

Michembe ilikuwa ya mwisho. Mama aliiloweka usiku kucha, akaichemsha hadi ikapondeka kwa mwiko, akaichanganya na maziwa. Kijana alikula vijiko vinne mchana, akasema inatosha, bibi asijali. Mama alivuta kigoda akaketi karibu naye hadi saa tatu usiku. Alipouona mfuko unajaa, akainuka akaenda kulala.