Kima Ndani ya Mkate: Asili ya Mlo Mmoja wa Jioni Nchini Marekani

Mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kufunikwa kwa jibini lililoyeyuka, ambao katika nyumba nyingi za Marekani huandaliwa jioni za siku za kazi kwa kikaango kimoja na kwa muda usiofika nusu saa, huhesabiwa na wengi kuwa chakula kisicho na historia, kwa kuwa hauna mpishi mashuhuri aliyeubuni wala sikukuu inayousubiri. Dhana hiyo haina msingi. Vitu vitatu vinavyouunda, yaani kima, mkate laini uliokwisha kukatwa, na jibini linaloyeyuka bila kuachana na mafuta yake, vililazimika kila kimoja kusubiri mashine yake au ugunduzi wake, na havikukutana kwa urahisi katika jiko la mtu wa kipato cha kawaida mpaka robo ya pili ya karne ya 20.

Neno lenyewe kima, ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelizoea zaidi katika sambusa, lilifika pwani ya Afrika Mashariki kutoka lugha za Bara Hindi, nazo zililipokea kwa kupitia Kiajemi, na mzizi wake ni kitenzi cha Kituruki chenye maana ya kukatakata. Maana hiyo imehifadhi kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ya kisu na ya mkono peke yake, kwani kabla ya karne ya 19 aliyetaka nyama laini alipaswa kuikata juu ya ubao mpaka mkono uchoke, na kwa sababu hiyo vyakula vya kima vilikuwa vya siku maalumu au vya nyumba zenye watumishi. Mashine ya kusagia nyama, ambayo ugunduzi wake kwa kawaida huhusishwa na Mjerumani Karl Drais, iliondoa mzigo huo kwa utaratibu mwepesi: parafujo inayozungushwa kwa mpini husukuma vipande vya nyama kwenye kisu kinachozunguka, kisha kwenye bamba lenye matundu, na nyama hutoka upande wa pili ikiwa nyuzi fupi. Kufikia mwisho wa karne hiyo viwanda vya Marekani, kikiwemo kile cha Enterprise cha Philadelphia, vilikuwa vikiuza mashine ndogo za kufungwa kwenye ukingo wa meza ya jikoni.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko kuokoa muda. Shingo, bega na kifua cha ng'ombe ni sehemu zinazofanya kazi nyingi wakati mnyama akiwa hai, kwa hiyo zina nyuzi ngumu ambazo hulainika kwa kuchemshwa saa kadhaa tu. Mashine ilipozikata nyuzi hizo, sehemu za bei ndogo ziliweza kuiva kwa dakika kumi. Wakati huohuo machinjio makubwa ya Chicago, yaliyokusanywa katika uwanja wa Union Stock Yards uliofunguliwa tarehe 25 Desemba 1865, pamoja na mabehewa yenye barafu ambayo mfanyabiashara Gustavus Swift aliyaingiza katika biashara mwishoni mwa miaka ya 1870, yalishusha bei ya nyama katika miji iliyokuwa mbali na malisho. Hata hivyo, mnunuzi hawezi kuitambua kwa macho nyama iliyokwisha kusagwa, na shaka hiyo iligeuka kuwa hofu ya taifa zima mwaka 1906, riwaya ya Upton Sinclair iitwayo The Jungle ilipofichua uchafu wa machinjio. Mwezi Juni wa mwaka huohuo sheria ya ukaguzi wa nyama ilipitishwa.

Wanaoandika historia ya kima ya Marekani huelekea moja kwa moja kwenye hambaga, yaani kima iliyobanwa ikawa duara bapa, na kwenye mgahawa wa White Castle uliofunguliwa Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1921, ambao kuta zake nyeupe zilikusudiwa kumwondolea mteja hofu ya nyama ya kusagwa. Njia hiyo ni halali, ila imefunika mkondo wa pili ambao kwa hakika ndio ulio karibu zaidi na jiko la nyumbani, nao ni mkondo wa kima isiyobanwa, inayokaangwa au kupikwa kwa mvuke huku ikivunjwavunjwa kwa mwiko, kisha ikachotwa na kumiminwa ndani ya mkate.

Mkondo huo una makao yake Iowa, jimbo la mahindi na mifugo. Katika mji wa Sioux City, magharibi mwa jimbo hilo, David Heglin alikuwa akiuza mkate wa namna hiyo mwaka 1924. Upande wa pili wa jimbo, katika mji wa Muscatine ulio kwenye ukingo wa mto Mississippi, mwenye bucha aitwaye Fred Angell alianzisha mwaka 1926 biashara iliyokuja kujulikana kama Maid-Rite. Muscatine ulikuwa mji wa viwanda, na bidhaa iliyoupa sifa ilikuwa vifungo vya nguo vilivyotobolewa kutoka kwenye makombe ya kome wa mtoni, kazi iliyoanzishwa huko mwaka 1891 na mhamiaji wa Kijerumani, John Boepple. Chakula kinachopatikana papo hapo, chenye nyama ya kushibisha na kulika bila sahani, kilikuwa na nafasi ya wazi katika mji wa watu wanaoishi kwa saa za kiwanda. Namna yake haikuwa na mbwembwe: kima ilipikwa taratibu ndani ya chombo kipana, ikabaki na mchuzi wake, ikawekwa kwenye mkate wa mviringo kwa kitunguu kilichokatwa, haradali na matango yaliyolowekwa katika siki, bila nyanya. Pamoja na mkate mteja alipewa kijiko cha kuchotea punje zilizodondoka. Kijiko hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini na mwanahistoria, kwa sababu kinaonyesha kwamba kumwagika kwa kima hakukuchukuliwa kuwa kasoro ya kurekebishwa, bali kuwa sehemu ya mlo ambayo mwenye duka aliikadiria na kuiandalia.

Kuhusu mkate, maelezo machache yanatosha. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, mkate uliokatwa silesi kwa mashine ya Otto Rohwedder uliuzwa kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hata mtoto aliyetangulia kurudi nyumbani angeweza kuandaa mkate wa watu wanne pasipo kushika kisu.

Jibini ndilo lililohitaji elimu zaidi. Cheda, ambalo ni jibini gumu la asili ya Uingereza, likipashwa moto mkali hugawanyika: mafuta huelea juu na sehemu iliyobaki hujikunja kama mpira. Sababu yake ni kwamba protini ya maziwa iitwayo kaseini imefungwa pamoja kama wavu kwa madini ya kalisi, na joto linapozidi wavu huo hukaza na kuyakamua mafuta uliyoyashikilia. Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, waligundua kwamba chumvi ya sitrati ikitiwa katika jibini linalopashwa moto huivuta kalisi na kuiacha kaseini huru kushikana na maji na mafuta, hivyo likapatikana rojo moja laini. Nchini Marekani James L. Kraft, mzaliwa wa Kanada aliyeanza kwa kusambaza jibini kwa gari la farasi mjini Chicago mwaka 1903, alipata mwaka 1916 hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, kwa njia yake ya kulipasha moto na kulikoroga jibini ili lisiharibike upesi. Jeshi la Marekani lilinunua mamilioni ya ratli za jibini lake la makopo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapenzi wa jibini la kale wamelidharau jibini hilo la kiwandani kwa upole wa ladha yake, na dharau hiyo ina haki ikiwa jibini linaliwa peke yake. Juu ya kima ya moto hukumu hubadilika, kwa maana hapo kazi ya jibini ni kushika: huzunguka punje za nyama, huziunganisha, na kuuzuia mchuzi usiulowanishe mkate mpaka ukachanika.

Uhusiano wa vitu hivi vitatu ulidhihirika zaidi vilipoadimika. Mwezi Januari 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa mkate uliokatwa silesi, na malalamiko ya akina mama wa nyumbani yakaifanya iondoe katazo hilo tarehe 8 Machi. Wiki tatu baadaye, tarehe 29 Machi, nyama na jibini viliingizwa katika mgao, na vyote viwili, pamoja na siagi, vililipiwa kwa pointi nyekundu zilezile, ambazo kila mtu alipewa 16 kwa wiki. Aliyeongeza jibini alipunguza nyama. Katika hesabu hiyo ngumu kima ilikuwa na faida, kwani ilidai pointi chache kuliko mnofu wa kuchoma na iliweza kuongezwa kitunguu au makombo ya mkate ikatosha familia nzima, na ujuzi huo uliendelea katika majiko hata baada ya mgao wa nyama kwisha mwezi Novemba 1945.

Baada ya vita viwanda viliufuata mlo ambao nyumba zilikuwa zimekwisha kuuzoea. Mwaka 1950 kampuni ya Kraft ilianza kuuza jibini lililokatwa vipande tayari. Mwaka 1969 yalitokea makopo ya Manwich, yenye mchuzi wa nyanya wa kuchanganya na kima ili kupata aina tamu iitwayo sloppy joe. Matangazo ya biashara yaliuita upishi wa namna hii kuwa ni urahisi, neno ambalo halimtendei haki mpishi aliyerudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni na kulazimika kulisha watu wenye njaa kwa ratli moja ya nyama.

Usagaji una hatari yake pia. Bakteria walioko juu ya mnofu hufa mnofu unapochomwa, ila mashine huwasambaza mpaka ndani. Kati ya mwisho wa mwaka 1992 na mwanzo wa 1993 watoto wanne walifariki katika majimbo ya magharibi baada ya ugonjwa ulioenezwa na hambaga zisizoiva vizuri, na mwaka 1994 serikali ilitangaza kwamba kima yenye bakteria wa ugonjwa huo haifai kuuzwa. Kiwango cha joto kinachoagizwa kwa kima ni nyuzi 71 za selsiasi, ambacho duara nene la nyama hukifikia kwa shida katikati, wakati kima iliyovunjwavunjwa, kwa kuwa haina katikati, hukifikia upesi zaidi.

Mjini Ottumwa, katika jimbo hilohilo la Iowa, duka dogo la kima isiyobanwa lililoanza mwaka 1927 bado liko ndani ya kichochoro. Mji ulipojenga jengo la kuegesha magari mahali hapo, duka halikubomolewa: ghorofa lilijengwa juu yake, na wateja wanaendelea kuketi kuizunguka kaunta.