Walinzi wa Parki Nao Walilala Bulengo

Hapa Kigali ukitaja gorila, watu wanataja dola. Tangu 2017 kibali cha kukaa nao saa moja ni dola 1,500, na tangu 2005 kuna sherehe ya Kwita Izina, ambapo wageni wakubwa kutoka ng'ambo wanawapa majina watoto wa gorila. Mabango yake mnayaona barabarani. Asiyeonekana sana kwenye bango ni yule mtu wa buti na panga anayemfuata mnyama huyo kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Upande wa pili tuko sisi. Semina za mazingira kambini zina wimbo wao: wakimbizi wanamaliza misitu. Sikatai kila neno la wimbo huo. Ila wanaouimba wanasahau kwamba katika nchi hizi historia ya mlinzi wa parki na historia ya mkimbizi zimepita njia moja, mara nyingine ndani ya mtu mmoja.

Tuanzie 1925. Wabelgiji walianzisha Parki ya Albert, kwa jina la mfalme wao, kulinda gorila wa milimani, wale ambao nyumbani tunawaita ngagi. Baadaye ikapanuliwa pande zote mbili za mpaka. Uhuru ulipokuja ikagawanyika: Virunga ikabaki Kongo, Volkano ikawa ya Rwanda. Ngagi hawakuarifiwa, mpaka leo wanavuka bila karatasi. Hata Dian Fossey, yule Mmarekani maarufu, alianzia Kabara upande wa Kongo mapema 1967. Vurugu zikamtoa huko mwaka uleule, na mwezi wa Septemba akafungua kituo cha Karisoke upande wa Rwanda. Kazi iliyompa sifa ilianza na kukimbia.

Sasa, msitu ulikatwa na nani? Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za Parki ya Volkano ziliondolewa ili walime pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu ya kuuza nje. Huo ulikuwa mradi wenye wafadhili na ramani, si mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Mwaka 1975 ikaja zamu ya tembo wa Bugesera. Mashamba yalikuwa yameongezeka, tembo na wakulima hawakuelewana tena, basi wakubwa wakapigwa risasi na watoto 26 wakapelekwa Akagera. Hao yatima waliokulia ugenini ndio waliozaa kundi la tembo ambalo watalii wanalipiga picha leo.

Halafu 1994. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kwenda Goma kwa siku chache tu, na kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zikaota pembeni kabisa ya Virunga. Watu walihitaji kupika. Miti ilianguka kila siku, tena mingi, na mwaka huohuo UNESCO ikaiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hilo ni kweli na hatuna sababu ya kulificha. Ila aliyechagua kuweka kambi pale hakuwa yule mama aliyeshika panga.

Ninachotaka mkiangalie ni hesabu nyingine. Mwaka 1989 gorila wa milima ya Virunga walihesabiwa wakawa kama 320. Mwaka 2003 walikuwa 380. Katikati ya tarehe hizo weka vita vya 1990, mauaji ya kimbari, kambi za Goma, vita viwili vya Kongo, na Karisoke iliyoporwa na kuharibiwa. Idadi ilipanda ndani ya miaka ambayo binadamu walikuwa wanakufa. Wengine watasema ni bahati. Mimi nasema ni miguu ya watu.

Kwa sababu kazi yenyewe iko hivi. Gorila hujenga kitanda kipya cha majani kila jioni. Asubuhi mlinzi anaanzia pale alipowaacha jana, anafuata majani yaliyovunjika mpaka kwenye vitanda, anavihesabu, anatazama mavi kujua nani mkubwa na nani mtoto. Akiwakuta, anawatambua kwa mikunjo ya pua, maana kila pua ina mchoro wake. Njiani anakata mitego ya kamba na waya. Mara nyingi mtego umewekewa wanyama wadogo, funo na wenzake, lakini mkono wa gorila mtoto ukinasa humo unaoza. Mlinzi mkuu, yule mwenye miaka mingi kazini, anajua kila familia imezaa lini na dume gani mwenye mgongo mweupe hapendi kusogelewa. Sehemu kubwa ya elimu hiyo iko kichwani mwake na haisubiri. Ukikosa siku kadhaa, mvua imefuta njia, unaanza kutafuta upya.

Kwa hiyo vita vinapomfukuza mlinzi, njia inapotea hata kama hakuna risasi iliyomgusa mnyama.

Hilo ndilo lililotokea Virunga. Kuanzia Septemba 2007 sehemu ya gorila ilishikwa na waasi wa CNDP na walinzi wakazuiwa kuingia. Mwaka huo ulikuwa mbaya tayari. Mwezi wa Juni Ndakasi, mtoto wa miezi miwili, alikutwa ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa kwa risasi. Julai wakauawa wengine wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe. Biashara ya makala ilitajwa sana katika kesi hiyo: msitu wenye gorila una walinzi, na walinzi wanaharibu biashara.

Oktoba 2008 waasi wakaingia Rumangabo, makao makuu ya parki. Walinzi zaidi ya 50 walikimbilia porini na kutembea kuelekea Goma. Walinzi na familia zao wakajikuta Bulengo, kambi ya waliohamishwa, kwenye mawe makali ya lava. Msomaji wa kambini, hapo sihitaji kukueleza. Unajua shitingi inavyopiga kelele usiku upepo ukija. Mtu aliyezoea kuonekana na sare na bunduki, ambaye raia walimkimbia akikamata kuni zao, sasa yuko kwenye foleni ya maji pamoja nao, na mke wake anatafuta kuni kama wao.

Mkurugenzi wa parki, Emmanuel de Merode, akavuka mstari wa vita kuzungumza na waasi, na mwisho wa Novemba walinzi wakaruhusiwa kurudi na kuhesabu. Walitarajia mabaya. Gorila waliozoea watu walikuwa 72 mwaka 2007. Wakahesabu 81.

Ndakasi alilelewa na mlinzi André Bauma, akafia mikononi mwake Septemba 2021. Picha hiyo ilizunguka dunia. Iliyozunguka kidogo ni habari ya tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 walipouawa siku moja karibu na Rumangabo.

Turudi Rwanda, maana Akagera ina somo lake. Parki ile ilianzishwa 1934 ikiwa na kilomita za mraba kama 2,500. Mwaka 1997 serikali ya Kigali iliikata zaidi ya nusu ili kuwapa ardhi wakimbizi waliorudi, wengine wakiwa wameondoka tangu 1959, na ng'ombe wao. Uamuzi huo naona ulikuwa wa haki. Miaka zaidi ya 30 ugenini si mchezo. Lakini simba wakala ng'ombe, wafugaji wakatega sumu, na simba wakaisha. Ilibidi uzio wa kilomita 120 ujengwe, ukamalizika 2013, ndipo simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015 na vifaru weusi 18 mwaka 2017. Waliokatiwa ardhi walikuwa wakimbizi, na waliouacha uzio ule umesimama ni majirani haohao. Sehemu ya mapato ya utalii, asilimia 10 siku hizi, inarudi kwa jamii zinazozunguka parki za taifa. Kambi ya Nyabiheke iko wilaya ya Gatsibo, moja ya wilaya zinazopakana na Akagera. Ningependa siku moja mtu wa semina atueleze kama na sisi tunahesabiwa kuwa majirani.

Na atueleze habari ya moto wa kupikia, kabla ya habari ya miti. Mwaka 2023 vita viliwasukuma tena watu wa Masisi na Rutshuru kuelekea Goma, na Bulengo ikajaa upya, mawe yaleyale ambayo walinzi walilalia 2008. Wanawake waliotoka kwenda kutafuta kuni porini walibakwa huko. Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu kwa mamia, na wengi walisema hivyohivyo: nilikwenda kutafuta kuni.