Ushahidi wa makosa ya kujamiiana katika rufaa

Kinyangiri ni kata ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Kesi ya ubakaji ikitokea huko haisikilizwi na mahakama ya mwanzo, wala haiamuliwi na juri. Uingereza jaji huwaelekeza raia 12 namna ya kupima ushahidi. Akiteleza, mrufani amepata hoja. Tanzania Bara hakimu wa mahakama ya wilaya hukaa peke yake, bila hata wazee wa baraza. Onyo la namna ya kuupima ushahidi hujipa mwenyewe, kwa kalamu, na majaji wa rufaa hutafuta kama limeandikwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya 1998 ilileta kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Iliruhusu pia mshtakiwa atiwe hatiani kwa neno la mwathirika peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuridhika kwamba amesema kweli tupu. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 94 ya 1999, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Kauli hiyo ilinukuliwa mno, hadi Mahakama hiyo hiyo, katika Rufaa Na. 145 ya 2017, ikakumbusha kuwa maneno ya mwathirika nayo hupimwa.

Vita vikubwa huwa juu ya ushahidi wa mtoto asiyezidi miaka 14. Zamani hakimu alimhoji kwanza kama anajua maana ya kiapo. Tangu marekebisho ya 2016 anaweza kusema bila kiapo, ila aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ni mstari mmoja tu, na kukosekana kwake kuliwahi kufuta ushahidi wote, ingawa hukumu za karibuni zimelegeza. Kabla ya Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama mwaka 2021, ahadi ya mtoto iliwafikia majaji kwa Kiingereza cha hakimu.

PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza baada ya uchunguzi, haina uzito ambao wengi huipa. Mshtakiwa asipoelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, fomu huondolewa kwenye kumbukumbu. Neno la mwathirika likisimama, hukumu hubaki. Lisiposimama, kesi inaweza kuamriwa ianze upya, lakini si ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.