Unene wa kupindukia: Kazi imepungua, sahani haijapungua

Unene wa kupindukia, ambao kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa ishara ya neema, sasa ni tishio kwa afya ya Wakenya, hata katika maeneo yanayotajwa zaidi kwa njaa na mafuriko kama vile Tana River.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unene huo hupimwa kwa kugawanya uzito wa mtu mzima katika kilo kwa kipeo cha pili cha kimo chake katika mita. Akifikia 25 ana uzito uliozidi. Akifikia 30 ni mnene wa kupindukia. Mwenye kimo cha mita 1.60 hufika 30 akiwa na takriban kilo 77.

Utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulibaini kuwa asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014, idadi hiyo ilifika asilimia 33. Ule wa 2022, uliohesabu wenye miaka 20 hadi 49, ulionyesha asilimia 45 kwa wanawake na 19 kwa wanaume.

Chanzo si ulafi pekee. Mwili wa binadamu huhifadhi chakula cha ziada kama mafuta, akiba ambayo zamani ilitumika wakati wa uhaba. Katika kijiji cha Hewani, eneo la Garsen, mkulima anayelima mpunga, mahindi na ndizi kwa jembe kando ya Mto Tana huimaliza nguvu ya chakula chake shambani. Nduguye aliyehamia mjini huketi dukani mchana kutwa, husafiri kwa bodaboda na jioni hukaa mbele ya televisheni, ilhali chakula chake ni kilekile au kimeongezeka.

Aghalabu chakula chenyewe pia hubadilika. Samaki wa mtoni, mboga na matunda huachia nafasi mandazi, chipsi na soda. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya sukari ina 4. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina takriban gramu 50 za sukari, karibu sawa na kikomo cha takriban gramu 50 ambacho WHO inapendekeza mtu mzima asikizidishe kwa siku. Isitoshe, mandazi na chai hushibisha kwa bei nafuu kuliko samaki na mboga, hivyo mwenye kipato kidogo naye hunenepa.

Kadhalika, njaa na unene si mahasimu. Mtoto aliyekosa lishe tangu tumboni mwa mama huwa katika hatari zaidi ya kunenepa na kuugua kisukari ukubwani, hasa akikutana na vyakula vya mafuta na sukari. Kwa jamii zilizopitia ukame wa 2020 hadi 2023, lishe ya waja wazito na watoto wachanga ni kinga ya miaka mingi ijayo.

Unene huo huchochea shinikizo la damu, kiharusi, kisukari na baadhi ya saratani. Wataalamu wanashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kupunguza sukari na mafuta, na kupima uzito, damu na sukari mapema, kabla dalili hazijajitokeza.